Boga Alilomeza Kronos

SANDUKU LA HADITHI
Bibi wa Sanduku anajibu barua za wasomaji

Mbukwenyi, wasomaji wangu. Toleo lililopita nilidokeza kwa aya moja tu kwamba mwaka 1998, nikiwa bado nashika chaki katika shule moja ya msingi huku Dodoma, darasa langu liliigiza hadithi ya miungu wachanga wa Ugiriki walioungana kumng'oa baba yao madarakani. Aya moja! Barua zilizokuja zimejaa kiroba. Nimechagua tano. Nyingine zinarudia yale yale, na mbili ni za watu wanaotafuta wachumba; hao nawaelekeza ukurasa wa mwisho.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano wilayani Bahi. Wanafunzi wangu walisoma aya yako na tangu hapo hawanipi nafasi ya kupumua, wanataka tuigize kisa hicho siku ya wazazi. Nina shida tatu. Sijui kisa chenyewe kwa mpangilio: hao miungu walikuwa watoto kweli, na safari yao ilikuwa ya kutafuta nini? Halafu nina wanafunzi 92, na nasikia miungu wenyewe ni sita. La mwisho, bajeti ni sifuri.*
*Mwalimu wa Bahi*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nianze na bajeti maana ndiyo nyepesi. Tafuta boga, shuka kubwa, reki, sufuria na kipande cha bati. Umemaliza, na utaona kwa nini.

Kisa kiliandikwa na mshairi aitwaye Hesiod, kama mwaka 700 kabla ya Kristo. Huyu bwana ukimsoma utadhani ni wa huku kwetu. Anasema alikuwa anachunga kondoo chini ya Mlima Helikon ndipo mabinti wa nyimbo, Muses, wakamtokea. Kabla ya kumpa fimbo na sauti ya kuimba, wakamtukana kwanza: nyie wachungaji ni matumbo matupu! Tangu nisome hapo nikampenda. Mshairi anayekubali kuandika tusi alilotukanwa hawezi kuwa mwongo sana.

Na hadithi yake ni ya matumbo kwelikweli. Kronos, mfalme wa Watitani, miungu wa kizazi cha kale, aliambiwa na wazazi wake kwamba mwanawe mmoja atakuja kumpindua. Akapiga hesabu akaona njia ni moja: kila mkewe Rhea akijifungua, yeye anameza. Akammeza Hestia. Akafuata Demeter, kisha Hera, Hades na Poseidon. Mimba ya sita Rhea alikuwa amechoka. Akaenda kujifungulia kisiwani Krete, mtoto akafichwa pangoni, na yeye akarudi kwa mumewe na jiwe lililoviringishwa nguo za kichanga. Kronos hakufunua hata pembe ya nguo aone mtoto amefanana na nani. Alimeza.

Sasa swali lako, kama walikuwa watoto kweli. Tunayemwona akiwa mtoto ni mmoja, Zeus. Wale watano walikulia tumboni, na tukija kuwaona tena tayari ni watu wazima wa kushika silaha. Vitabu vya watoto vya siku hizi huwafanya wote wawe na umri wa kama miaka kumi, wanasafiri pamoja, wanagombana njiani na kugawana uchawi. Sioni ubaya. Wagiriki wenyewe hawakuwa na toleo moja: mshairi Homer anamfanya Hera aseme kwamba mama yake alimpeleka kulelewa kwa Okeanos na Tethys wakati Zeus akimshusha Kronos chini ya ardhi, yaani kama sisi tunavyopeleka binti kwa shangazi Dar mambo yakiharibika nyumbani. Kwa hiyo waache wanafunzi wako wawe na umri wao.

Pangoni Krete kichanga alinyonyeshwa maziwa ya mbuzi aitwaye Amaltheia. Hapo mtoto wa Bahi hahitaji maelezo. Akilia, vijana waitwao Kouretes walimzunguka wakigonga mikuki yao kwenye ngao ili baba asisikie sauti. Sisi Kouretes tuliwafanya ngoma ya muheme, ile ya wanawake wa Kigogo. Wasichana kumi na wawili wamekaa mstari mmoja, ngoma katikati ya mapaja, na kila Zeus alipofungua mdomo alie, zinalipuka. Zeus wetu tulimkopa darasa la pili, mfupi kama kinu. Aligundua kwamba yeye ndiye anayeziamrisha ngoma zile, basi akawa anafungua mdomo na kuufunga, kuufungua na kuufunga, hadi mama mmoja akasimama kutoka kwenye benchi akaanza kucheza.

Jiwe ndilo lililokuwa boga, kwa sababu jiwe la kweli lingemvunja mtu vidole. Lilikuwa boga la kienyeji, la kijani lenye michirizi myeupe, kubwa kama kichwa cha ndama. Nililifunga kwa kitenge changu cha bluu cha kuendea sherehe. Kronos alikuwa mvulana mkubwa kuliko wote, mtoto wa fundi baiskeli, amejifunga shuka shingoni inayoburuza hadi nyuma, na chini ya shuka wamejikunyata ndugu watano "waliomezwa". Mpango ulikuwa Kronos apokee boga, aliingize chini ya shuka, Poseidon alidake. Poseidon alikuwa anacheka. Boga likapita katikati ya mikono yake, likaanguka, paa! Mbegu zikaruka mpaka kwenye viatu vya mgeni rasmi. Kimya. Kronos, ambaye hadi siku hiyo nilimjua kama mtoto wa kulala darasani, akatazama vipande, akapangusa mdomo kwa mkono, akasema polepole: "Huyu mtoto alikuwa na mbegu nyingi."

Mgeni rasmi aliondoka muda si mrefu akisema ana kikao. Kwa hiyo hakuona watoto wakitapikwa, na huenda hadi leo anaamini kwamba hadithi iliishia kwenye kumezwa.

Zeus alipokua, Metis binti Okeanos akamnywesha Kronos dawa. Likatoka jiwe kwanza, kisha ndugu, kuanzia wa mwisho kumezwa hadi wa kwanza. Jiwe hilo Zeus aliliweka Delphi, na msafiri Pausanias, aliyeandika katika karne ya 2 baada ya Kristo, anasema alilikuta pale, wala si kubwa sana, watu wakilimwagia mafuta kila siku. Katika mazoezi mtoto mmoja aliniuliza, "Mwalimu, miaka yote hiyo tumboni walikula nini?" Kabla sijafungua mdomo mwenzake akamjibu, "Si alichokula baba yao." Nikaendelea na somo.

Sasa ndipo ilipo safari unayoitafuta, na hapa usiharakishe. Usiwaambie watoto kwamba ndugu walitoka tumboni leo, kesho wakashinda. Walipigana miaka kumi, wao wakiwa Mlima Olympus, Watitani wakiwa Mlima Othrys, na hakuna aliyemsogeza mwenzake hatua moja. (Olympus una mita 2,917. Hanang wetu unaupita. Watoto hupenda kuambiwa hilo.) Ndipo bibi yao Gaia, yaani Ardhi mwenyewe, akawapa siri: kuna ndugu zenu wamefungiwa chini kabisa, Tartaros. Hamtashinda bila wao.

Wafungwa hao walikuwa makundi mawili. La kwanza, wahunzi watatu wenye jicho moja katikati ya paji la uso: Brontes, Steropes na Arges. La pili, Wenye Mikono Mia, nao watatu: Kottos, Briareos na Gyges. Hawakuwa wameiba wala kuua. Walikuwa watoto wa Uranos, babu yake Zeus, na baba huyo aliwachukia tangu kuzaliwa akawaficha gizani. Kronos alipochukua utawala akawaweka kuzimu humo humo. Babu kawafungia, baba kaacha kufuli. Kazi ya wale vijana ikawa kwenda kufungua.

Mlangoni alikaa mlinzi wa kike aitwaye Kampe. Waandishi wa kale wanasema Zeus alimuua. Mimi nilimlaza usingizi kwa ilimba, ala ya Kigogo ya kupigwa kwa vidole gumba, maana sikutaka maiti jukwaani na darasa la tano. Wahunzi walipotoka wakatoa zawadi tatu: Zeus akapewa radi, Poseidon mkuki wa meno matatu, Hades kofia ya chuma ambayo akiivaa haonekani. Hizo ndizo bati, reki na sufuria. Sheria yangu ilikuwa kwamba mwenye kuvaa sufuria, wote wajifanye hawamwoni. Waliishika sheria hiyo kwa nidhamu ambayo jedwali la kuzidisha halijawahi kuipata kwangu. Hades alitembea na sufuria kichwani hadi kwenye benchi la walimu, akachukua soda ya mwalimu wa zamu, akainywa yote, na hakuna mtoto aliyemwona.

Radi aliipiga mvulana mwenye kigugumizi. Miaka mitano shuleni hakuna aliyewahi kumpa sehemu yenye sauti. Nilimfanya Brontes, jina ambalo kwa Kigiriki linatokana na ngurumo, nikampa bati na mchi. Maneno alikuwa nayo mawili tu, "Chukua, Zeus," na aliyasema baada ya kupiga bati, mlio ukiwa bado unatembea hewani. Yalitoka bila kukwama. Ndiyo maana nasema, mwalimu, kama kuna kitu kimoja cha kushikilia katika mchezo huu, ni hiki: Zeus hakutengeneza radi. Alipewa na mtu aliyefungwa kwa sababu ya sura yake, na kama asingeshuka kumfungulia angebaki kijana mwenye hasira juu ya kilima. Ukishalishika hilo utajua nani umpe nini. Yule mwanafunzi unayemfikiria sasa hivi, ambaye humpangii kitu siku za wazazi, ndiye mhunzi wako.

Tuje kwenye wanafunzi 92. Hesiod anasema kila mmoja wa Wenye Mikono Mia alikuwa na mikono 100 na vichwa 50. Hesabu mwenyewe. Watoto hamsini wakisimama wamesongamana, wamefunikwa mabega kwa mashuka yaliyounganishwa, ni vichwa 50 na mikono 100 kamili, hapungui wala hazidi mtu. Mungu mmoja amekula nusu ya darasa lako! Watatu usijaribu, utahitaji watoto 150. Mchukue Briareos peke yake. Sasa umebaki na 42. Miungu ndugu sita, Kronos, Rhea, Gaia na Metis ni kumi. Mbuzi kumi na moja. Wahunzi watatu, kumi na nne. Kampe, kumi na tano. Mweke na Styx, mungu wa kike wa mto wa kuzimu, maana Hesiod anasema yeye ndiye wa kwanza kufika Olympus kujiunga na Zeus, tena akaja na watoto wake wanne, Ushindi, Nguvu, Bidii na Mabavu. Hao watano wanafikisha ishirini. Ngoma kumi na mbili. Watitani kumi. Jumla 92.

Jambo moja usilikate hata muda ukibana. Wenye Mikono Mia walipotolewa gizani, hawakuombwa kupigana papo hapo. Walipewa kwanza nekta na ambrosia, chakula cha miungu wenyewe, wakashiba, moyo ukawarudia, ndipo Zeus akasema shida yake. Sisi tuliweka ugali wa uwele na mlenda kwenye sinia. Briareos mwenye vichwa hamsini akila mlenda ni jambo ambalo wazazi wa Bahi watalizungumza mpaka mavuno. Halafu ndio vita: mikono yote inarusha mara moja. Hesiod anataja mawe mia tatu kwa mkupuo. Wewe rusha mipira ya makaratasi.

*Bibi, nakuheshimu kama mama yangu, lakini hili umenikwaza. Mwanangu siku hizi akinawa mikono anasema yeye ni Poseidon. Sisi ni watu wa kanisani. Huoni unawafundisha watoto miungu ya uongo?*
*Mama wa Kikuyu, Dodoma*

Mama, nimekusikia, na mimi mwenyewe nimeimba kwaya sauti ya pili tangu sijaolewa. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 14. Paulo na Barnaba wako Listra, wamemponya kiwete, na watu wa mji wanapiga kelele kwamba miungu imeshuka. Barnaba wakamwita Zeu, Paulo wakamwita Herme kwa kuwa ndiye msemaji. Kuhani akaleta na ng'ombe na mashada ya maua awatolee sadaka, hadi mitume wakararua nguo zao. Sura ya 19 utamkuta Artemi na ghasia za Efeso. Mtoto asiyejua Zeu ni nani, mistari hiyo ataisoma bila kuelewa kwa nini Barnaba alichana shati zima. Isitoshe, katika nyumba hiyo hiyo nina hakika amesimuliwa habari za sungura na fisi, na hajaanza kumwomba sungura mvua.

Hata hivyo mtoto ni wako. Ukiona moyo wako haujatulia, mwambie mwalimu amweke kwenye ngoma. Wapiga ngoma hawana uungu wowote. Na anayenawa mikono kila mara bila kuambiwa, mimi ningemwacha.

*Shikamoo Bibi. Niko kidato cha pili. Nimesoma kwamba Zeus alikuwa na mji wake unaitwa Dodona. Rafiki yangu anabisha kwamba ndiko jina la Dodoma lilikotoka. Tumewekeana dau la chipsi mayai.*
*Mjukuu wako, Area D*

Marahaba mjukuu. Rafiki yako akalipe chipsi. Dodoma wazee wanaisimulia kwa Kigogo: tembo alikwenda kunywa maji akazama kwenye tope, watu wakasema *idodomya*, amedidimia, na mahali pakabaki na jina. Dodona iko kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, eneo la Epirus, na haijawahi kumzamisha tembo.

Lakini mmenigusa mahali ninapopapenda, kwa hiyo vumilieni. Dodona palikuwa na mti, mwaloni mtakatifu wa Zeus, na watu walikwenda kuuuliza maswali. Homer anasema makuhani wake, Selloi, walilala chini kwenye udongo na hawakuosha miguu. Mwanahistoria Herodotus alisimuliwa na makuhani wa kike wa pale kwamba njiwa wawili weusi waliruka kutoka Thebe ya Misri. Mmoja akaenda Libya, mwingine akatua juu ya mti huo akasema kwa sauti ya mtu kwamba hapa pajengwe mahali pa kumuuliza Zeus.

Maswali yenyewe yamepatikana. Watu waliyakwaruza kwenye vibamba vyembamba vya madini ya risasi, na wachimbuaji wamevitoa ardhini kwa maelfu. Mtu aitwaye Agis anauliza kuhusu mablanketi na mito yake iliyopotea: je, ameiba mtu wa nje? Lysanias anauliza kama mimba ya Annyla ni yake. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana ni barua hizi hizi ninazoletewa kwenye kiroba, ila mimi nina kalamu na mwaloni ulikuwa na majani.

Na mti huo uliwahi kusafiri. Shujaa Jason alipoundiwa jahazi la Argo akatafute ngozi ya kondoo ya dhahabu, Athena alipachika kwenye omo kipande cha mwaloni wa Dodona, kikawa kinasema na mabaharia. Mle jahazini walikuwamo akina Herakles, Orpheus, na mapacha Kastor na Polydeukes; wengi walikuwa wana wa miungu. Walikokwenda, Kolkhis, leo ni nchi ya Georgia. Mjiografia wa kale Strabo aliandika kwamba wenyeji wa huko walitega ngozi za kondoo kwenye vijito vya milimani zinase chembe za dhahabu, na huenda hadithi imetokana na hapo. Ukiwa na mjomba aliyewahi kuchimba Sekenke kule Iramba, muulize mwaloni wanatandika nini maji ya udongo yapite juu yake. Atakuambia gunia. Nasema mwalo wa wachimbaji, ule mfereji wa kuoshea udongo wa dhahabu, si mwaloni wa Zeus. Msije mkawekeana dau jingine.

*Bibi vipi. Mimi ni bodaboda, kituo cha Majengo sokoni. Abiria wangu alikuwa anasoma gazeti lako kwa sauti. Huko chini kwa Tartaros ni umbali gani, nijue nachaji bei gani?*
*Dereva wa Majengo*

Kwanza "shikamoo", kijana. Hesiod anakadiria kwa fuawe la shaba, lile la wahunzi: likiachiwa kutoka mbinguni linaanguka siku tisa usiku na mchana, la kumi linagusa ardhi. Kutoka ardhini hadi Tartaros, tisa nyingine, la kumi linafika. Kwa hiyo usichaji kwa kilomita, chaji kwa siku, na uchukue ya kurudi kabisa, kwa sababu Watitani waliopelekwa huko baada ya vita hawajapata usafiri hadi leo. Wanalindwa na yule Briareos na ndugu zake. Helmeti mbili, tafadhali.

*Bibi, dada yangu mkubwa alinisomea kwamba baada ya vita Zeus, Poseidon na Hades walipiga kura kugawana dunia. Walikuwa ndugu sita. Kwa nini wasichana watatu hawakuingizwa kwenye kura?*
*Msichana wa darasa la saba, Mpwapwa*

Mjukuu wangu, swali lako nimelisoma mara mbili, nikaliweka, nikalirudia baada ya chai.

Anayesimulia kura ni Poseidon, katika Iliad, utenzi wa Homer, kitabu cha 15. Ana hasira, Zeus amemwamrisha atoke vitani, naye anakumbusha kwamba wao ni wana watatu wa Kronos na kila mmoja alipata fungu kwa kura: yeye bahari, Hades giza la chini, Zeus mbingu. Ardhi na Olympus vikabaki vya wote. Dada zake hawataji. Kwenye masimulizi ya Hesiod kura haipo kabisa: Zeus anachaguliwa kuwa mfalme kwa ushauri wa Gaia, naye anawagawia wengine heshima zao. Ukiniuliza kwa nini, nitakuambia ninachokijua kwa macho yangu. Nimekaa kwenye vikao vya ukoo vya kugawa shamba la marehemu, na wanaohesabiwa kwanza nimewaona. Wagiriki waliwapa miungu wao desturi za nyumbani kwao. Kura ilikuwa ya wana wa kiume, na Poseidon hakuona hata haja ya kueleza.

Lakini usidhani dada hao walikaa mikono mitupu. Demeter alishika nafaka. Binti yake alipochukuliwa na Hades, alizuia mbegu zote zisiote mpaka Zeus mwenyewe akatuma wajumbe kumbembeleza, mmoja baada ya mwingine, na akawakatalia wote. Mtu wa Mpwapwa anayejua mwaka usio na mvua ulivyo ataelewa nani hapo alikuwa mkubwa. Hera sitamsemea, anajisemea.

Hestia ndiye ninayetaka umjue. Alizaliwa wa kwanza, akamezwa wa kwanza, kwa hiyo alitapikwa wa mwisho. Wimbo mmoja wa kale unasema yeye ni mzaliwa wa kwanza na pia wa mwisho. Poseidon na Apollo walitaka kumwoa, akakataa wote, akaapa kwa kugusa kichwa cha Zeus kwamba hataolewa. Zeus akampa mahali katikati ya nyumba, penye moto wa kupikia. Katika sadaka Wagiriki walimtaja yeye mwanzo na mwisho. Kwa lugha yetu, yeye ndiye mwenye mafiga.

Mwaka ule 1998 msichana aliyekuwa Hestia alinilalamikia kwamba hana maneno. Kweli sikumwandikia hata moja. Nilimwambia akishatoka chini ya shuka aende pembeni mwa jukwaa, awashe moto kwenye mafiga matatu, akae hapo hadi mwisho. Alikwenda amenuna. Wenzake wakapiga kelele za radi, wakarusha makaratasi, wakapiga kura kwa vijiti, watu wakawashangilia. Tulipomaliza kuinama kwa wazazi ndipo tukasikia harufu. Alikuwa ameokota vipande vyote vya boga, akavipangusa mchanga, akamvua Hades ile sufuria na kuviweka motoni na maji kidogo na chumvi aliyoipata sijui wapi. Alitugawia mmoja mmoja kwa kijiko cha mti, akianza na mwenye kigugumizi.

Kronos ndiye aliyeomba aongezewe.